Kuchagua Dalali wa Hisa wa Mtandaoni: Hisa Zako Zinakaa Wapi, Fedha Zako Zinakaa Wapi

Programu za simu za kununulia hisa zinafanana kwa sura. Zina chati, zina kitufe cha kununua na cha kuuza, na zote zinaahidi kukufungulia akaunti ndani ya dakika chache. Jambo lenye uzito halionekani kwenye skrini: nani anashika hisa zako ukishanunua, na nani anashika fedha zako kabla hujanunua na baada ya kuuza. Ukipata majibu ya maswali hayo mawili, umeshapata sehemu kubwa ya uamuzi wako. Mwongozo huu unamlenga anayetaka kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Nairobi na Marekani tutazigusa pale mambo yanapokuwa tofauti.

Wahusika ni wanne. DSE ni soko, mahali oda za kununua na za kuuza zinapokutana. Dalali ni kampuni yenye leseni ya kupeleka oda sokoni, na mwekezaji wa kawaida haingii sokoni bila yeye. CSDR, kampuni tanzu ya DSE, inatunza daftari la nani anamiliki hisa ngapi. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa leseni na kusimamia. Programu ya simu ni dirisha tu la kumfikia dalali. Hata jukwaa la soko lenyewe, DSE Hisa Kiganjani, linapitisha oda yako kwa dalali utakayemchagua. Kwa hiyo chagua dalali kwanza, programu baadaye.

Hatua ya 1: Hakiki leseni kwa jina kamili la kampuni

Fungua tovuti ya CMSA, tafuta orodha ya wenye leseni, kisha linganisha jina la kampuni herufi kwa herufi. Jina la programu na jina la kampuni mara nyingi ni tofauti. Shuka chini kabisa kwenye tovuti ya programu au ufungue vigezo na masharti: lazima kuwe na kampuni iliyotajwa kwa jina lake la usajili. Usipoliona hapo, achana na programu hiyo.

Angalia pia aina ya leseni. Mshauri wa uwekezaji, meneja wa mfuko na dalali ni leseni tatu tofauti. Mwenye leseni ya ushauri anaweza kukuambia hisa ipi inafaa, lakini hana ruhusa ya kupokea fedha zako na kukununulia sokoni. Matapeli hupenda kutumia pengo hili. Wanaonyesha cheti cha kweli cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, na mtu anadhani ameona leseni. Cheti cha BRELA kinathibitisha kuwa kampuni ipo. Hakiipi ruhusa ya kuuza hisa.

Dalili tatu zinatosha kukufanya uondoke bila kuuliza zaidi. Ya kwanza, unaombwa kulipa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi au akaunti ya benki yenye jina la mtu. Ya pili, unaahidiwa faida ya kiwango maalumu kila wiki au kila mwezi. Hisa haina faida ya kuahidiwa, na dalali halali hatamki neno hilo. Ya tatu, mawasiliano yote yanafanyika kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, na unalipwa zaidi ukileta watu wengine.

Hatua ya 2: Hakikisha hisa zinaandikwa kwa jina lako

Hapa Tanzania ukifungua akaunti ya uwekezaji unapewa namba ya CDS, yaani namba ya akaunti yako ya hisa kwenye daftari kuu. Hisa unazonunua zinaingia kwenye daftari la CSDR chini ya namba hiyo na jina lako. Dalali akifilisika kesho, daftari halifi naye. Huu ndio ulinzi wako mkubwa kuliko wote, kwa hiyo usikubali kuanza bila kuwa na namba hiyo mkononi. Dalali akikwambia, "Usijali, tutakununulia kwa akaunti yetu halafu utaona salio kwenye programu," maana yake ni kwamba katika daftari mwenye hisa ni yeye.

Lakini namba peke yake haitoshi. Kenya nako hisa zinatunzwa kwenye akaunti za CDS, na bado mwaka 2008 kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi maalumu huku wateja wakilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao. Hilo liliwezekana kwa sababu dalali ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuingiza oda, na wateja wengi hawakuwa na mazoea ya kuomba taarifa kutoka kwa mtunza daftari. Kwa hiyo muulize dalali: nitapataje taarifa ya akaunti yangu ya CDS bila kupitia kwenu? Jibu zuri ni kwamba unaweza kuiona mwenyewe kwenye mfumo wa soko au kuiomba kutoka CSDR. Iombe angalau mara moja kila robo mwaka, uilinganishe na salio la kwenye programu. Namba mbili hizo zikitofautiana hata kwa hisa moja, dai maelezo kwa maandishi siku hiyohiyo.

Wakati wa kufungua akaunti utaombwa kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya simu, akaunti ya benki, na kwa kawaida TIN. Kosa linalojirudia hapa ni majina. NIDA inasema Mwanaidi Salum Juma, benki inasema Mwanahidi S. Juma. Hisa zitanunuliwa bila shida yoyote, na tatizo halitajulikana mpaka gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa) litakapotumwa benki likarudi. Baada ya hapo utafuatilia gawio la miaka miwili kwa barua na viapo. Sahihisha jina benki kwanza, ndipo ufungue akaunti ya CDS.

Hatua ya 3: Uliza fedha taslimu zinakaa wapi

Hapa ndipo penye udhaifu. Hisa ziko CSDR kwa jina lako, lakini fedha ulizotuma ukisubiri kununua, na zile zilizotokana na kuuza, zinapita kwa dalali. Dalali anatakiwa kuziweka kwenye akaunti ya benki ya wateja, mbali na akaunti anayolipia mishahara na pango. Muulize mambo haya, na upate majibu kwa barua pepe, si kwa simu:

- Akaunti ya wateja iko benki gani, na ina jina gani?
- Nikiuza hisa, fedha zinatumwa benki kwangu moja kwa moja au zinabaki kwenu mpaka niombe?
- Zikibaki kwenu, zinapata riba? Riba hiyo ni ya nani?
- Kutoa fedha kunachukua siku ngapi, na kuna ada?

Anayejibu kwa mzunguko swali la kwanza, mwache. Swali hilo mhasibu wa kawaida wa ofisi ya udalali analijibu kwa sentensi moja.

Hata ukiridhika na majibu, usiigeuze akaunti ya udalali kuwa benki. Tuma fedha za oda unayotaka kuweka wiki hii, pamoja na ada. Fedha za kusubiri miezi mitatu zikae benki au kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS.

Usihesabu sana mifuko ya fidia. Kwenye kila muamala wa DSE kuna tozo ndogo ya mfuko wa kulinda wawekezaji, na Kenya mfuko wa fidia hulipa hadi shilingi 50,000 za Kenya kwa mwekezaji mmoja. Kwa mtu mwenye milioni kadhaa, hicho ni kiasi cha kupunguza maumivu tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gharama kwa mzunguko mzima

Watu hulinganisha kamisheni ya kununua peke yake. Gharama halisi ni ya kununua pamoja na ya kuuza. Viwango vilivyozoeleka DSE ni kamisheni ya dalali ya asilimia 1.7 kwa muamala usiozidi shilingi milioni 10, na inashuka kwa miamala mikubwa. Juu yake kuna asilimia 0.14 ya DSE, 0.14 ya CMSA, 0.06 ya CSDR na 0.02 ya mfuko wa kulinda wawekezaji. Tuchukue ununuzi wa shilingi 1,000,000:

Kamisheni 17,000. DSE 1,400. CMSA 1,400. CSDR 600. Mfuko 200. Jumla 20,600.

Hiyo ni asilimia 2.06 upande mmoja tu. Ukiuza unakatwa tena. Kwa hiyo hisa uliyoinunua kwa shilingi 1,000 inabidi ifike takriban shilingi 1,042 ndipo urudishe fedha zako, bila faida hata senti moja. Muulize dalali kama kamisheni aliyokutajia ina VAT ndani yake, kwa sababu asilimia 18 juu ya kamisheni ya 17,000 ni shilingi 3,060 zaidi, na jibu hilo linabadilisha hesabu. Mtu anayepanga kununua leo na kuuza wiki ijayo kwa ongezeko la asilimia 3 anajipangia hasara. Muundo huu wa ada unamfaa anayekaa na hisa kwa miaka.

Kisha tafuta ada zilizojificha: kiwango cha chini cha kamisheni, ada ya mwezi ya kutumia programu, ada ya kutoa fedha, na makato ya mtandao wa simu. Kwa wanaonunua kidogo kidogo haya ndiyo yanayoumiza. Kamisheni ya asilimia 1.7 kwenye shilingi 30,000 ni 510 tu, lakini dalali mwenye kiwango cha chini cha shilingi 5,000 amekukata asilimia 16 na zaidi kabla hata hisa haijatikisika. Kwa kipato cha aina hiyo ni nafuu kukusanya miezi mitatu au minne ukanunua mara moja.

Kenya gharama za upande mmoja nazo ziko karibu na asilimia 2 kwa miamala midogo. Kwa hiyo kinachomtofautisha dalali mmoja na mwingine pale ni hivyohivyo viwango vya chini na huduma.

Hatua ya 5: Jaribu jinsi oda inavyosafiri

Programu mbili zinaweza kuwa na kitufe kilekile, lakini moja inapeleka oda sokoni moja kwa moja na nyingine inaipeleka kwenye barua pepe ya karani anayeiandika upya kwa mkono. Karani akienda kula, oda yako inasubiri. Hakuna tangazo litakalokuambia hili, ila jaribio rahisi litakuonyesha.

Weka oda ndogo ya kununua kwa bei kikomo iliyo chini kidogo ya bei ya soko, soko likiwa wazi. Nairobi hiyo ni kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Tazama inachukua muda gani hali yake kubadilika kutoka "imepokelewa" hadi "iko sokoni". Kisha ifute. Ikifutika ndani ya dakika moja au mbili, mfumo umeunganishwa. Ukipigiwa simu saa mbili baadaye kuulizwa kama kweli ulitaka kufuta, umeshajua unashughulika na nini.

Oda ya bei kikomo ni kigezo cha lazima. Inasema, "Nanunua kwa bei hii au chini yake, si zaidi." Programu inayokupa oda ya bei ya soko peke yake haifai kwa masoko yetu, na sababu ni uchache wa miamala. Hisa za benki kubwa kama CRDB na NMB hupata wanunuzi na wauzaji karibu kila siku, lakini kampuni ndogo zinaweza kupitisha siku kadhaa bila hisa hata moja kubadili mikono. Bei unayoiona kwenye skrini yaweza kuwa ya juma lililopita. Ukiweka oda ya bei ya soko mahali ambapo muuzaji pekee aliyepo ameweka bei ya juu, utanunua kwa bei yake.

Kwa sababu hiyo programu nzuri inaonyesha foleni ya oda: wanunuzi wanatoa bei gani kwa hisa ngapi, na wauzaji wanataka bei gani. Inaonyesha pia oda yako inaishi muda gani. Nyingine zinaifuta kila soko linapofungwa, na mteja anakaa wiki nzima akidhani yuko kwenye foleni. Uliza mapema.

Hatua ya 6: Jaribu kutoa fedha mapema

Kuingiza fedha ni rahisi kila mahali. Kabla hujatuma kiasi kikubwa, ingiza kiasi kidogo, nunua hisa chache, ziuze baadhi, kisha toa fedha hadi zifike benki kwako. Utalipa ada kidogo kwa jaribio hili, na ni ada inayostahili kulipwa.

Elewa kalenda ili usimlaumu dalali bure. Muamala wa hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya siku ulipofanyika. Ukiuza Alhamisi, unahesabu Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Fedha zinapatikana Jumanne. Sikukuu ikiingia katikati, ongeza siku. Baada ya hapo dalali akichukua siku moja kutuma benki ni kawaida. Akichukua wiki nzima na sababu zikawa zinabadilika kila ukipiga simu, ondoka ukiwa bado na kiasi kidogo.

Kalenda hiyohiyo inaamua gawio. Kampuni hutangaza siku ya kufunga rejista, na anayelipwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye daftari siku hiyo. Ukinunua siku moja kabla, muamala bado haujakamilika na gawio litakwenda kwa muuzaji. Dalali anayejali wateja wake huweka siku hizo wazi kwenye programu. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia, kwa hiyo usishangae kuona pungufu ya kiwango kilichotangazwa.

Hatua ya 7: Linda namba ya simu kabla ya nenosiri

Watu wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu au cha mwenzi. Nenosiri la programu ya hisa hurejeshwa kwa ujumbe unaotumwa kwenye namba ya simu, hivyo aliyesajili laini ndiye mwenye ufunguo wa mwisho. Tumia laini yenye jina lako, weka namba ya siri kwenye barua pepe na kwenye programu, na usimpe mtu msimbo wa uthibitisho, hata anayejitambulisha kuwa anatoka kwa dalali wako. Programu isiyokutumia ujumbe kila oda inapowekwa, ipunguzie alama.

Waambie pia warithi wako kuhusu namba ya CDS. Iandike mahali pamoja na hati nyingine za nyumbani. Hisa za marehemu huhamishwa kwa nyaraka za msimamizi wa mirathi, na familia isiyojua kama kuna akaunti haitazidai.

Ukitaka hisa za Marekani

Kwanza iulize benki yako utaratibu wa Benki Kuu kuhusu kutuma fedha nje kwa ajili ya kuwekeza. Kwa mkazi wa Tanzania hili si jambo la kuruka. Kisha mhakiki dalali kwenye BrokerCheck, daftari la bure la FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Marekani. Dalali aliye mwanachama wa SIPC, shirika la Marekani la kuwalinda wateja wa madalali, ana kinga ya hadi dola 500,000 kwa mteja, ambapo dola 250,000 ndizo kikomo cha fedha taslimu. Kinga hiyo ni ya dalali kuanguka, si ya hisa kushuka bei. Wengi wa wanaouza hisa hizo kwa simu Afrika Mashariki ni wakala wa dalali mwingine aliyeko kule, kwa hiyo uliza jina la huyo wa mwisho, na kama akaunti kule imefunguliwa kwa jina lako au la wakala.

Utajaza fomu ya W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu asiye wa huko. Kwa kuwa si Tanzania wala Kenya yenye mkataba wa kodi na Marekani, gawio litakatwa asilimia 30. Na mgeni anayefariki akiwa na mali ya Marekani, zikiwemo hisa, inayozidi dola 60,000, mali hiyo inaingia kwenye kodi ya mirathi ya huko. Ni wachache wanaofikia kiasi hicho, lakini wanaokifikia huwa hawajaambiwa.

Tofautisha hisa halisi na CFD. Kwenye CFD hununui hisa. Unaweka dau na kampuni juu ya bei kupanda au kushuka, mara nyingi kwa fedha za kukopa. Mamlaka ya Ulaya, ESMA, ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara hiyo hupoteza fedha. Programu ikikuonyesha "nguvu mara 10" au "mara 30" karibu na jina la hisa, hiyo ndiyo CFD.

Mambo yakiharibika

Andika kwa dalali kwanza, kwa barua pepe, ukitaja tarehe, namba ya CDS, namba ya oda na kiasi. Mpe muda unaoeleweka wa kujibu, mathalani siku saba za kazi. Asipojibu, au jibu lisipotosheleza, peleka malalamiko CMSA. Ambatanisha ile barua pepe, hati ya muamala, risiti ya benki au ya mtandao wa simu, taarifa ya CDS uliyoiomba mwenyewe kutoka CSDR, na picha za skrini zinazoonyesha saa. Anza kuhifadhi hivyo vyote siku ya oda ya kwanza, kwenye folda nje ya simu, kwa sababu akaunti ikifungwa au simu ikipotea, historia iliyo ndani ya programu inapotea nayo.